Grisi ya beringi za trela ya mashua: somo kwa wanaoniuliza kila wiki

Swali la jinsi ya kutia grisi beringi za trela limenijia mara nyingi mno, hasa kutoka kwa wanaoshusha mashua Tudor na Mtwapa, huku pwani ya Kenya, hivyo naliandika jibu hapa kwa ukamilifu.

1. Legeza nati za gurudumu trela ikiwa chini, zuia gurudumu la upande wa pili, kisha piga jeki na uegemeze ekseli juu ya stendi.

2. Ondoa gurudumu, kofia ya vumbi, pini inayozuia nati isilegee, nati yenyewe na washa, kisha uvute habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani yake.

3. Osha beringi kwa mafuta ya taa na uzikaushe. Ukiona vishimo, kutu au rangi ya samawati iliyoachwa na joto, badilisha beringi pamoja na kikombe chake, yaani pete ya chuma iliyomo ndani ya habu ambamo rola huzunguka.

4. Tia grisi kiganjani na usukumie ndani upande mpana wa beringi mpaka grisi itokeze juu, kati ya rola zote. Rudisha beringi ya ndani kwenye habu, kisha weka sili mpya, ile pete inayozuia maji na uchafu.

5. Rudisha habu, beringi ya nje na washa, kisha funga nati. Hapa ndipo nilipokosea: niliikaza kwa spana ndefu kama nati ya gurudumu, nikaamini kwamba nimefanya kazi imara, na kabla sijafika Kikambala habu ilikuwa ikitoa moshi na beringi ya nje imekwisha kusagika. Beringi iliyobanwa mno haina nafasi ya kutanuka ipatapo joto. Grisi husukumwa nje na chuma husaga chuma. Kwa hiyo kaza kwa spana huku ukizungusha habu ili beringi zikae vyema, legeza nati kabisa, kisha ikaze tena kwa vidole tu. Tundu la pini lisipolingana, rudisha nati nyuma kidogo. Usiisongeze mbele kamwe. Pini iwe mpya, kwani iliyokwisha kukunjwa hukatika. Ikiwa mtengenezaji wa ekseli ametoa kipimo chake, fuata hicho.

6. Rudisha kofia na gurudumu.

Swali: Nimepitia haraka. Nati inakazwa kwa nguvu kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 5. Isome yote kabla hujashika spana.

Swali: Si naweza kuongeza grisi juu ya ile ya zamani? Yangu ina miaka mitatu na haijasumbua.

Jibu: Hujaifungua, kwa hiyo hujui kama haijasumbuka. Tena grisi ya lithiamu ikichanganywa na ya poliurea huweza kulainika na kuvuja.

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mbona trela ya mashua huharibika upesi hata isiposafiri mbali?

Jibu: Marahaba, nashukuru kwa kuuliza sababu. Habu hupata joto barabarani, na ukiizamisha baharini papo hapo, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, ikavuta maji ya chumvi kupitia sili. Subiri hadi habu iwe baridi mkononi ndipo ushushe mashua, na ukirudi isuuze kwa maji matamu. Tumia grisi ya baharini, isiyosombwa na maji, na ufungue beringi walau mara moja kwa mwaka. Anayezamisha trela kila wiki asingoje mwaka uishe.

Mchango: Mimi hubeba habu ya akiba iliyokwisha kutiwa grisi, ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Jibu: Ni busara, ndugu yangu. Ongeza pini mbili, na ujaribu jeki yako nyumbani kwanza, kwa sababu jeki ya gari dogo mara nyingi haifikii ekseli ya trela.