Kabla hamjadai lami: kupanga usafiri wa mtaa unaokua

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Nenda Goba, Kivule au Chanika uone: nyumba zinatangulia, barabara inafuata ikipata upenyo. Naendesha vikao vya usafiri katika mitaa ya namna hiyo, na siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Jua mlango wa kubisha
Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Ruti na nauli za daladala ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ukikosea mlango, barua yako italala.

Hatua ya 2: Hesabu kituoni
Vijana wawili, daftari, siku mbili za kazi na Jumamosi moja, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi. Wapige vijiti: daladala, bajaji, bodaboda na waenda kwa miguu (hawa husahaulika kila mara). Waandike pia gari zilizopita zimeshona bila kusimama, na wanafunzi waliokataliwa na konda.

Hatua ya 3: Uliza safari ya jana
Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiuliza "mnataka nini?", mkutano mzima utajibu lami. Uliza hivi: jana ulitoka saa ngapi, ulipanda nini, ulilipa shilingi ngapi, ulishukia wapi?

Kikao kimoja, mama muuza samaki alisema hutoka saa 10 alfajiri kwenda Feri. Njia ya mkato inapita korongoni, kuna giza, kwa hiyo anapanda bodaboda mpaka barabara kubwa. Kale kapande kanamla hela kuliko daladala ya safari yote iliyobaki. Mzee aliyekuwa akidai lami kwa sauti ya juu akanyamaza, kisha akasema, "Hata wajukuu zangu masika hawavuki pale." Kufika adhuhuri, kivuko cha miguu na taa vilikuwa juu ya orodha, lami ikashuka hadi ya tatu.

Gawa makundi: akina mama peke yao, bodaboda, wazee, wanafunzi, wenye ulemavu. Mkiwachanganya, watasema walewale watatu. Kila kundi lipe ramani kubwa na kalamu. Mitaa mingi ya Dar ilishachorwa na vijana wa mradi wa Ramani Huria tangu 2015, na ramani hizo ni za bure. Kinachobaki ni gharama ya kuchapa.

Hatua ya 4: Tafuta nafasi kabla haijajengwa
Usishike futi kamba kabla ya kutangaza. Mimi nilishika, na jioni mtaa mzima ulishaamini kesho tunapiga X nyekundu, alama ya nyumba za kubomolewa. Eleza mapema kwamba mnatafuta pa kugeuzia daladala, kituo na mfereji wakati viwanja bado vitupu, na kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka anayeguswa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Halafu waulize wazee maji hupita wapi. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imefurika zaidi ya mara moja, maana ilijengwa bondeni mwa mto Msimbazi.

Hatua ya 5: Peleka, kisha rudi
Muhtasari uliosainiwa, pamoja na orodha ya mahudhurio, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aubebe hadi halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla; mimi hujitahidi niwe nimemaliza Oktoba.

Majibu yakija, yabandike ubaoni ofisi ya mtaa: kilichopita, kilichokataliwa na sababu yake. Mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma kwa sauti, kabla mgeni rasmi hajapewa kipaza sauti.