Piga hesabu ya mkopo wa nyumba kabla ya kwenda benki

Wengi wanaoniletea karatasi zao hapa Nairobi wameshachagua nyumba. Wamepanda ngazi hadi orofa ya nne kule Kasarani, wamepiga picha jikoni, watoto wamegawana vyumba. Ndipo tunafungua peislipu, na inanibidi niwavunje moyo. Tafadhali, anza na peislipu.

Hatua ya 1: tafuta thuluthi yako. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Benki nyingi huipigia hesabu kwenye mshahara wa msingi, marupurupu kando. Tuseme msingi ni shilingi 120,000. Thuluthi yake, 40,000, haiguswi. Makato yana nafasi ya 80,000.

Hatua ya 2: toa kinachokatwa tayari. PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ushuru wa nyumba, tuseme 36,000. Zinabaki 44,000. Sasa teremsha kidole hadi mstari wa SACCO, chama chako cha akiba na mikopo. Mteja wangu mmoja alikuwa akikatwa 14,000 kila mwezi kwa mkopo wa gari, na nafasi yake ikashuka hadi 30,000.

Hatua ya 3: geuza nafasi hiyo kuwa mkopo. Kwa riba ya asilimia 13 na miaka 20, kila milioni moja hulipwa kwa karibu 11,700 kwa mwezi. Kwa hiyo 30,000 zinabeba milioni 2.56. Bila deni la gari angebeba milioni 3.75. Mstari mmoja wa peislipu ulimnyima karibu milioni 1.2! Alikuwa amebakiza miezi saba kumaliza. Nilimsihi asubiri, akasubiri.

Riba nayo ina nguvu kama hiyo. Kwa asilimia 9, zile 30,000 zinafika milioni 3.3. Riba ya namna hiyo hupatikana kwenye mikopo ya KMRC, kampuni inayofadhili mikopo ya nyumba. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja, hupitisha fedha kwa benki na SACCO, basi waulize wako kama wanao mkopo huo na kama unahitimu.

Umri pia huhesabiwa. Ukiwa na miaka 48 na kustaafu ni 60, una miaka 12 tu ya kulipa, na 30,000 kwa asilimia 13 zinashuka hadi milioni 2.2 hivi.

Hatua ya 4: safisha jina. Chukua ripoti yako ya CRB, shirika linaloweka rekodi za jinsi unavyolipa madeni. Moja kwa mwaka ni bure. Deni dogo la simu ulilolisahau linaweza kulisimamisha faili zima. Mfanyabiashara asiye na peislipu huangaliwa taarifa za benki na M-Pesa, kwa hiyo mauzo yapitie kwenye akaunti. Pesa inayolala kwenye droo ya duka haihesabiwi.

Hatua ya 5: ngoja mthamini. Benki hufuata bei au thamani, ile iliyo ndogo. Nyumba ya milioni 4 ikithaminiwa milioni 3.6, na benki inatoa asilimia 90, mwisho wake ni 3,240,000, hata kama mshahara wako unabeba zaidi. Zile 760,000 zitoke mfukoni mwako. Ongeza ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, kisha wakili na mthamini mwenyewe. Fedha hizo ziwe tayari kwenye akaunti kabla hujatia sahihi kwa muuzaji.