Jinsi ya kusikia nyuzi za piano zinavyoambukizana sauti

Wapiga vinanda wa huku kusini, Mtwara mpaka Lindi, kama kanisani kwenu kuna piano yenye nyuzi kweli, sio kibodi ya umeme, jaribu haya siku kanisa likiwa kimya.

Chukua do iliyo chini ya do ya katikati, ibonyeze polepole mpaka mwisho bila kuitoa sauti, ishikilie hapo hapo. Sasa piga do ya katikati kwa nguvu na uiachie. Utasikia do hiyo ya katikati bado inaimba kwa mbali wakati nyuzi zake zishazimwa! Inayoimba ni ile ya chini uliyoishikilia, maana uzi hautetemeki mzima tu, unatetemeka na nusu nusu na theluthi theluthi, na nusu yake inatoa do ya katikati. Rudia kwa kupiga kitufe cheusi cha jirani, karibu kimya kabisa.

Halafu fungua kifuniko uchungulie. Noti nyingi za kati na juu zina nyuzi tatu tatu, za besi zilizoviringwa shaba zina mbili au moja. Kata kabari nyembamba ya kandambili kuukuu, zima uzi mmoja, sikiliza mbili zilizobaki. Ukisikia wau-wau-wau hazijalingana: moja ikiwa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) na nyingine 442, sauti inapanda na kushuka mara 2 kwa sekunde.

Sasa hapa ndo patamu. Nyuzi tatu zinashika daraja moja la mbao, na daraja ndo linatikisa ubao wa sauti, ule ubao mpana unaokuza sauti. Mwanzoni zinalisukuma pamoja kama wavuvi wanavyosukuma mtumbwi, sauti inatoka kubwa ila nguvu inaisha haraka, baadae zinapishana, moja inasukuma juu nyingine chini, daraja halitikisiki sana kwahiyo kinachobaki kinadumu muda mrefu. Mwanafizikia Gabriel Weinreich alieleza hili mwaka 1977, na ndo sababu noti ya piano inaanza kwa kishindo halafu inabaki na mkia mrefu mtamu.

Masika yetu, Desemba mpaka Aprili, ubao unavuta unyevu unavimba na nyuzi zinakazika, kwahiyo wau-wau zikiongezeka msishangae. Ila usiguse pini zinazokaza nyuzi na spana ya kawaida, kila uzi umevutwa kwa nguvu ya kilo 70 hivi, andika noti zenye shida umpe fundi mvua zikishatulia.