Kifua na ini vikiugua kwa mtu mmoja: namna ya kuomba kipimo cha alfa-1 antitripsini

Kazi yangu ni maabara, upande wa protini za damu. Kinachoniuma ni mgonjwa mmoja kuletewa fomu mbili: ya daktari wa kifua inasema emfisema (vifuko vya hewa vya mapafu vimeharibika), ya daktari wa ini inasema makovu, na hakuna aliyeuliza kama mzizi ni mmoja: upungufu wa kurithi wa protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Nawaandikia wagonjwa na ndugu wanaowasindikiza kliniki.

Anza na ukoo. Waulize wazazi, wajomba na mashangazi: nani alipumua kwa shida kabla ya kufika miaka 45? Nani alipata makovu ya ini na hanywi pombe? Mtoto gani alichelewa kuishiwa na manjano baada ya kuzaliwa? Andika majibu, uende nayo kwa daktari. Hata usipopata kitu, mwenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) ana haki ya kuomba kipimo: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu 1997 kwamba wagonjwa wote wa COPD wapimwe.

Sasa elewa unachotafuta. Seli ya ini hutengeneza alfa-1 antitripsini, huikunja ipate umbo lake, kisha huiachia kwenye damu. Kazi yake kubwa ni kuyalinda mapafu dhidi ya elastasi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu kinachokula nyuzi za mapafu. Kwenye jeni ya aina ya Z, asidi amino (kiungo kimoja kati ya vinavyounda protini) moja tu, ya 342, imebadilika. Protini inakunjika vibaya, inanasana yenyewe kwa yenyewe, na sehemu kubwa haitoki. Seli huhangaika kuivunjavunja. Mkazo ukiizidi hufa, na kovu huchukua nafasi yake. Ini linaumia kwa kujaa, mapafu yanaumia kwa kukosa.

Mzigo huo unaonekana kwa macho. Kipande cha ini kikitiwa rangi ya maabara iitwayo PAS, baada ya kusafishwa sukari iliyohifadhiwa kwa kimeng'enya cha daiastasi, chini ya hadubini utaona vitone vya duara, waridi iliyokolea, vimejazana ndani ya seli. Kwenye elektroforesi ya damu, kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme, ni kinyume chake: mstari wa alfa-1 umefifia, karibu haupo. Pengo hilo ndilo Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walilitangaza huko Uswidi mwaka 1963.

Omba vipimo viwili kwa damu ileile: kiwango cha alfa-1 antitripsini na CRP, protini inayoonyesha kama mwili una maambukizi au uvimbe. Cha kwanza peke yake kinadanganya, kwa sababu protini hii hupanda mwili ukipambana na maambukizi, na mwenye jeni moja ya Z anaweza kuonekana mzima akipimwa na nimonia. CRP ikiwa juu, rudia ukishapona. Kiwango kikiwa chini, omba kipimo cha jeni. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa kila mzazi; M ni aina ya kawaida. MM ni kawaida. MZ amebeba Z moja, na sigara au pombe ndizo humponza zaidi. ZZ ndiye wa kufuatiliwa. Kiwango chake mara nyingi ni asilimia 10 hadi 15 tu ya kawaida.

Ukiwa ZZ, acha sigara leo. Moshi huiharibu asidi amino ya 358, iitwayo methionini, pale hasa protini inapoikamata elastasi, hivyo hata ile kidogo iliyofika kwenye mapafu inakosa nguvu. Epuka pia vumbi la kazini. Pombe iache. Pata chanjo za homa ya ini A na B, na ya mafua. Spairometri (kipimo cha kupuliza kinachopima mapafu) na vipimo vya ini viwe vya kurudiwa, hata ukijisikia vizuri.

Ukiambiwa kuhusu dripu ya protini hii, inayotolewa kila wiki, jua inachofanya: hupunguza kasi ya kuharibika kwa mapafu. Ini hailisaidii, maana mzigo uko ndani ya seli.

Halafu wapeleke ndugu zako wa tumbo moja, hata wasiokohoa. Wazazi wote wakiwa MZ, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa ZZ.