Namna ya Kuwaandika Binadamu Wanaopungua katika Ulimwengu wa Kubuni

Mwongozo huu ni wa mwandishi anayetaka kubuni ulimwengu wenye viumbe wa namna nyingi, ambamo binadamu si watawala bali ni kaumu inayopungua. Ninaishi Wete, Pemba, na nimeandika hadithi tatu za aina hii. Ya kwanza niliitupa, kwa sababu niliwaua watu wote kwa vita katika sura moja. Hayo yalikuwa maangamizi, si kupungua. Watu wanaopungua huendelea kuoana, kulima na kugombea mipaka ya mashamba, na wengi wao hawajijui kuwa wanapungua.

Hatua ya kwanza ni kufanya hesabu kabla ya kuandika sentensi yoyote. Chukua kisiwa chenye watu 9,000, ukadirie kwamba kila baada ya miaka 25 wanabaki theluthi mbili ya waliokuwapo. Utapata 6,000, kisha 4,000, kisha takriban 2,700, na mwaka wa 100 watakuwa hawafiki 1,800. Aliyezaliwa mwanzoni mwa hesabu hiyo, akifikisha miaka 75, atakuwa ameishi katika mji uliopoteza watu saba katika kila kumi, ingawa hakuna siku hata moja anayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku ya msiba. Mzee huyo, au bibi huyo, ndiye msimulizi wako.

Hatua ya pili ni sababu. Chagua moja, iwe ya polepole, na isiwe na adui wa kupigwa. Hapa Pemba tunayaona maji ya bahari yakiingia katika mabonde ya mpunga, na mkulima anaiacha sehemu ya chini ya bonde, kisha mwaka mwingine anaacha nyingine. Nililichukua jambo hilo nikalipeleka katika kisiwa cha kubuni nilichokiita Ukungwi, ambako visima vinaingia chumvi kimoja baada ya kingine. Karibu na watu hao wanaishi Wakoko, viumbe wa mikokoni wanaokunywa maji ya chumvi bila kudhurika. Wakoko hawajapata kurusha hata mkuki mmoja. Wanachofanya ni kuzaa, na kuhamia katika nyumba zilizoachwa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayokuomba uifanyie kazi kuliko zote: amua ni kazi gani inayokufa kwanza kwa kukosa mikono. Kazi za mtu mmoja, kama kusuka ukili, hudumu sana. Zinazokufa mapema ni zile zinazohitaji kundi. Tazama uchomaji wa chokaa: matumbawe yakusanywe, kuni zikatwe na kupangwa, tanuu lisimamiwe linapowaka, kisha chokaa ipoozwe kwa maji na kubebwa. Mji ukikosa chokaa, mapaa hayazibwi nyufa. Maji yakipenya, boriti za mikoko huoza zilipoingia ukutani. Boriti zikikatika, dari huanguka, na kuta zilizokuwa zimeshikwa na dari hiyo huanza kufunguka. Yeyote aliyekaa Mji Mkongwe, Unguja, anaijua safari hiyo kutoka paa hadi ukuta. Kwa hiyo usiandike tu kwamba mji ulichakaa. Andika kwamba familia ilihama chumba cha juu, mwaka wa pili ikahama ghorofa nzima, na hatimaye ikawa inapika barazani. Mtepe, chombo cha baharini cha kale, nao ungekufa vivyo hivyo, kwa kuwa mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi na kamba hizo hazina budi kufanywa upya mara kwa mara.

Ukiweza, nenda ukayatazame magofu kabla ya kuyabuni ya kwako. Ras Mkumbuu na Pujini hapa Pemba, na Makutani katika kisiwa cha Tumbatu, yatakuonyesha ni nini hubaki: mihrabu, makaburi, kisima. Lakini nenda pia Kizimkazi Dimbani, Unguja, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ambamo watu wanaswali hadi leo. Mahali palipopungukiwa na ukubwa wake wa kale si lazima pawe pamekufa, na hadithi yako itapata uzito ukiacha mahali kama hapo pawepo.

Hatua ya nne ni lugha, na hapa Kiswahili kinatupa chombo ambacho nasikitika kuona waandishi wengi wanakiacha. Katika sura za mwanzo, watu wa Ukungwi wanajiita «watu» tu, na Mkoko wanamsema kama zimwi: «limekuja, limesimama mlangoni.» Katikati ya kitabu, mtoto mmoja anasema «amekuja», na bibi yake anamkemea. Kuelekea mwisho, Wakoko ndio wanaojiita watu, nasi tumepewa jina la Wachomachokaa, ilhali hakuna tena miongoni mwetu anayejua kuichoma. Mkoko akimwona mzee akipita husema: «Kile kizee kimepita.» Badilisha viambishi hivyo, li-, a- na ki-, taratibu, sura kwa sura, bila ya msimulizi kuvieleza.

Hatua ya tano ni ndoa, nayo ni fupi. Chora nasaba za nyumba zilizobaki, uone msichana wa kizazi cha mwisho ana vijana wangapi anaoweza kuolewa nao wasio maharimu wake. Mimi nilipomaliza kuchora nilikuta wawili, na mmoja wao alikuwa ameshasafiri.

Mwisho, pitia rasimu yote ukitafuta neno «zamani». Kila linapotoka kinywani mwa msimulizi asiye na umbo, lifute. Liache pale tu linaposemwa na mtu aliyeyaona, akiwa amesimama mahali penyewe, mkono wake ukionyesha kisima kilipokuwa.