Jinsi ya Kuupima Msimu wa Kwanza wa Kocha Mpya katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Anayetaka kujua kama kocha mkuu mpya ameanza kuijenga timu asikimbilie mechi ya ufunguzi, bali afungue kwanza hesabu za msimu uliotangulia. Mfano unaofundisha kuliko mingine ninayoifahamu ni wa Chuo Kikuu cha Colorado, kilichomwajiri kocha Deion Sanders kutoka chuo cha Jackson State mnamo Desemba 2022. Sanders alirithi timu iliyokuwa imeshinda mechi 1 tu na kupoteza 11. Takwimu hiyo iandike juu kabisa ya daftari lako, kwa kuwa kila utakachokiona baadaye kitapimwa kwayo.

Hatua inayofuata ni kuhesabu sura mpya kikosini. Tangu mwaka 2021 mchezaji ameruhusiwa kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kocha anaweza kubomoa kikosi na kuunda kingine katika miezi michache. Sanders alifanya hivyo hasa, akaleta wageni zaidi ya 50, akiwamo mwanawe Shedeur katika nafasi ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kikosi cha namna hiyo kinaweza kung'ara mapema kwa vipaji vya mtu mmoja mmoja, ilhali mazoea ya kucheza pamoja bado hayajakomaa.

Ushindi wa mwanzo uweke kando kwa muda. Hapa ndipo mashabiki wengi hupotoka, nami siwalaumu, maana Septemba 2023 ilikuwa tamu kweli: Colorado iliifunga TCU (Chuo Kikuu cha Texas Christian) 45–42 ugenini, ikaishinda Nebraska 36–14, kisha ikaipiku Colorado State 43–35 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. TCU ilikuwa imetoka kucheza fainali ya taifa miezi minane tu nyuma, na kwa sababu hiyo ushindi ule ulionekana mkubwa mno. Lakini wapinzani hao watatu wote walimaliza msimu wakiwa na ushindi 5 na vipigo 7. Basi kila mpinzani mwandikie jina, acha nafasi tupu mbele yake, na uijaze Novemba itakapokwisha.

Vipigo, kwa upande wao, vichunguze papo hapo, na usitazame matokeo peke yake. Oregon iliichapa Colorado 42–6, na mechi ya namna hiyo hukuonyesha umbali uliopo kati ya timu inayojengwa na timu iliyokwisha kujengeka. Mechi dhidi ya Stanford ilikuwa na somo zito zaidi: Colorado ilikwenda mapumziko ikiongoza 29–0, tena nyumbani Boulder, kisha ikapoteza 46–43 katika vipindi viwili vya nyongeza. Uongozi kama huo unapoyeyuka, jiulize kama wachezaji wa akiba wanatosha, kama kocha alibadili mbinu baada ya mapumziko, na kama ulinzi ulichoka. Kwa maoni yangu, nusu ile ya pili ilieleza zaidi kuhusu hali ya timu kuliko ushindi wote wa Septemba.

Katika kila mechi, yaondoe macho kwenye mpira kwa dakika chache uwatazame wale watano wa mstari wa mbele wanaomkinga kwotabeki. Shedeur Sanders aliangushwa zaidi ya mara 50 msimu ule kabla hajapata nafasi ya kurusha, na hakuna mbinu inayostawi katika hali hiyo. Mstari huo ndio sehemu ngumu kuijenga kwa haraka, kwa sababu unahitaji miili mikubwa iliyozoeana.

Fuatilia pia mabadiliko ya benchi la ufundi. Kabla ya msimu kwisha, Sanders alimpokonya msaidizi wake Sean Lewis jukumu la kuchagua mbinu za mashambulizi, akampa Pat Shurmur. Uamuzi wa namna hiyo ni ishara kwamba kocha mwenyewe haridhiki na anachokiona.

Colorado ilimaliza na ushindi 4 na vipigo 8, pungufu ya ushindi 6 unaohitajika kwa kawaida ili kualikwa katika mechi za baada ya msimu. Usifunge daftari hapo. Msimu wa kwanza wa kocha Nick Saban kule Chuo Kikuu cha Alabama, mwaka 2007, ulikuwa wa ushindi 7 na vipigo 6, kikiwamo kipigo kutoka kwa timu ndogo ya Louisiana-Monroe; mwaka 2009 timu hiyohiyo ilishinda mechi zote 14 na kutwaa ubingwa wa taifa. Colorado nayo ilishinda 9 na kupoteza 4 mwaka 2024, ingawa ilikuwa imehamia ligi ya Big 12, hivyo unapolinganisha misimu hiyo miwili anza kwa kuandika wapinzani waliobadilika.