Goti limesagika? Jaribu haya kwanza kabla ya kuwekewa la bandia

Mama yangu ana miaka 64, mwaka juzi aliambiwa goti la kulia limesagika, akatoka hospitali na karatasi ya vidonge na neno moja tu kichwani, upasuaji. Nyumbani kila mtu akawa daktari, huyu anasema ale bamia ili goti lipate ute, yule anasema supu ya kongoro. Bamia ni mboga nzuri jamani lakini ute wake unaishia tumboni, haushuki gotini.

Kwanza hakikisha ni kusagika kweli na sio gauti au kitu kingine. Ukiambiwa ukapige eksirei uliza kama watakupiga umesimama, maana ukilala goti halijabeba uzito na ile nafasi kati ya mifupa inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Halafu usitishwe na picha peke yake, kuna watu picha zao mbaya kweli na wanatembea vizuri tu, na wengine picha safi lakini usiku hawalali. Ila goti likiwa jekundu, la moto na una homa, hapo hospitali siku hiyo hiyo, hiyo inaweza kuwa ni maambukizi.

Sasa mazoezi, na hapa ndo nitakaa sana kwa sababu ndo dawa yenyewe na ndo watu wanairuka. Watu wanaogopa wakifanya mazoezi goti litazidi kulika, wakati misuli ya paja ndo inayolibebea goti mzigo, ukikaa tu misuli inasinyaa na mzigo wote unashukia kwenye mfupa. Sisi tulianza na kiti cha plastiki tumekiegemeza ukutani kisiteleze. Mama anakaa, ananyoosha mguu mpaka unyooke kabisa, anahesabu mpaka 5, anashusha taratibu, mara 10 kila mguu. Halafu anakunja taulo anaweka chini ya goti akiwa amelala, analikandamiza kwa goti, anahesabu tena. Wiki ya tatu akaanza kusimama na kukaa bila kushika popote, mwanzoni alifika mara 4 akaanza kunitukana, sa hivi anafika 15 huku anaangalia tamthilia. Maumivu yakifika kama 5 kwenye 10 vumilia, mradi kesho yake yawe yametulia, yakizidi hapo punguza idadi lakini usiache. Ukipata fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa kukuonyesha mwanzoni ni bora zaidi, halafu jipe wiki 12 kamili ndo useme imeshindikana, sio siku 4.

Denmark walichukua watu 100 ambao wote walishafikia hatua ya kubadilishiwa goti, nusu wakafanyiwa upasuaji kisha wakapewa mazoezi na ushauri wa lishe, nusu wakapewa hayo mengine bila upasuaji, matokeo yakatoka 2015. Waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu kubwa zaidi, tusidanganyane, lakini pia ndo waliopata madhara makubwa mengi zaidi, na kwa wale 50 wengine ni 13 tu walioenda kufanyiwa upasuaji ndani ya mwaka.

Uzito nao, najua hakuna anayependa kuambiwa. Ukipunguza kilo 1 goti linapumzika kama kilo 4 kila hatua, kwa hiyo ukitoa kilo 5 piga hesabu mwenyewe. Mama alianzia kwenye chai, sukari vijiko 3 mara 4 kwa siku, na kupunguza ukubwa wa bonge la ugali.

Vitu vya nyumbani vinasaidia kuliko unavyodhani. Kile kigoda cha kupikia kitupe, jiko lipande juu. Choo cha kuchuchumaa weka kiti chenye tundu, na kuswali kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mgonjwa. Bakora inashikwa mkono wa upande wa goti zima, mama alikuwa anaishika upande unaouma kama wengi wetu, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono ukisimama wima. Ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza mbovu.

Kwenye dawa anza na ya kupaka, jeli ya diklofenaki mara 3 au 4 kwa siku, maana haiingii sana mwilini. Vidonge vya diklo vile watu wananunua dukani kama pipi, kama una vidonda vya tumbo, presha au figo, uliza daktari kwanza. Na ule unga wa kienyeji unaokuponya siku mbili, kaa nao mbali, dawa za aina hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, utaona uso unavimba na sukari inapanda. Glukosamini, vile vidonge vya virutubisho vinavyouzwa kama chakula cha viungo, mimi nisingetoa hela yangu, tafiti nzuri hazijaonyesha la maana.

Sindano ya steroidi ndani ya goti inatuliza, ila ni ya wiki kadhaa tu, nzuri goti likiwa limevimba na umeshindwa hata kuanza mazoezi. Usiigeuze mazoea, kuna utafiti watu walichomwa kila miezi 3 kwa miaka 2, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, likapungua zaidi na maumivu hayakupungua kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Na kuingiza kamera kwenda kusafisha goti lililosagika, hiyo kataa, haisaidii.

Ukiona umefanya haya yote miezi kadhaa na bado usiku hulali, huwezi kutembea hata mpaka dukani, basi nenda kaongee na daktari wa mifupa bila kujilaumu, magoti mengi ya bandia yanadumu miaka 20 na zaidi. Ila mwambie lini ulichomwa sindano ya mwisho, kwa sababu ikiwa ni ndani ya miezi 3 hatari ya maambukizi inapanda na huenda akakusogezea tarehe mbele.